Ndege ya Kapteni Shija na Kamba ya Mtani

Vijana wangu wa gereji ya Nyasubi, Kahama, funguo mnazo, na sina shaka mpaka mnasoma hapa mmeshaipoteza spana yangu namba kumi na saba. Siku ya kuniaga mlitoa hotuba nzuri. Mmoja wenu alisema nilikuwa nawahi kazini. Mwingine alisema sikuwa mtu wa makuu, jambo lililomshangaza hata mke wangu. Hakuna aliyetaja kwamba mimi ndiye fundi niliyefunga injini ya rota kwenye ndege iliyojengwa ghalani Kharumwa, ikapanda, na ikashuka. Kwa kuwa mmesahau, nimekaa kuandika mwenyewe.

Diploma yangu mnaijua. Niliitundika mlangoni makusudi, ili mteja aione kabla hajaona vumbi. Nilipoipata nilikuwa kijana mwembamba wa Kisukuma ambaye baba yake alitaka nichunge, na bahati ikanitupa Japani. Nilidhani watanipokea kama mtaalamu. Siku ya kwanza nilipewa ufagio. Kesho yake nilipewa ufagio tena, ila mpya, nikajua napanda cheo.

Karakana ile ilikuwa inafumua na kufunga upya injini za rota za magari ya mashindano. Kwa wale ambao hamjaifungua: injini mliyoizoea ina pistoni zinazopanda na kushuka. Ya rota haina pistoni hata moja. Ndani mna pande la chuma lenye pembe tatu, mfano wa sambusa iliyoshiba, linazunguka ndani ya chumba kilichobanwa kiunoni. Kwenye kila ncha ya sambusa kuna sili nyembamba ya kuzuia moto usivuje. Injini yenyewe ni ndogo, mtu anaweza kuidharau, lakini nguvu yake ni ya ng'ombe dume. Tabia zake mbaya ni nne, na ni bora mzijue: inakunywa petroli, inaunguza oili yake yenyewe, inapiga kelele, na inatoa joto kama tanuri la matofali.

Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Tanabe, mtu mfupi asiyecheka. Injini ikiwashwa, mafundi wote walikimbilia mbele kutazama feni na rejeta. Yeye alizunguka upande wa pili na kuweka kiganja pale hewa ya moto inapotokea. Akiridhika, alikwenda kunywa chai. Asiporidhika, hakuna aliyekunywa chai. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, na mimi nikaelewa kwa Kijapani changu cha kuokoteza, kwamba hewa inapoingia kila mtu anapakumbuka. Inapotokea ndipo wanapopasahau. Nilifanya kazi naye miaka mingi na hicho ndicho kifaa nilichotoka nacho kwake: kiganja. Spana nilinunua.

Niliporudi, ndugu walikuja stendi ya Kahama wamejiandaa kubeba televisheni. Nilishuka na sanduku la chuma. Mjomba wangu alilinyanyua upande mmoja, akalirudisha chini taratibu, akauliza kama Japani nako nilikuwa nachimba mawe.

Kesi yangu ya kwanza nzito ilikuwa Nyarugusu, kwenye karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Mwenye karasha alikuwa mtu mwenye hofu ya wezi. Injini yake ya dizeli aliijengea kibanda cha mabati pande zote, akabakiza mlango mmoja. Kila adhuhuri injini inachemsha na kuzima. Mafundi walionitangulia walibadilisha rejeta, wakabadilisha feni, wa mwisho akashauri wabadilishe mganga. Mimi nilifika na kiganja changu, nikataka kuzunguka nyuma pale hewa inapotokea. Hapakuwa na nyuma. Nilichukua mkasi wa bati nikakata dirisha ukutani, upande wa pili wa mlango. Karasha ilisaga mchana kutwa bila kukohoa. Mwenyewe, badala ya kushukuru, aliniuliza nani sasa atalala anachunga dirisha.

Miaka ya migodini naipita. Mishahara na vyeo havina mafunzo, na kofia ngumu zote zinafanana. Niwapeleke moja kwa moja kwenye mwaka aliokuja Kapteni Shija.

Kapteni Shija alikuwa amerusha ndege ndogo maisha yake yote, akibeba watu wa migodini na watalii, kisha akastaafu kwao Kharumwa. Watu wakistaafu hujenga nyumba ya wapangaji. Yeye alikuwa anajenga ndege. Aliagiza ramani, akasafisha ghala alilokuwa akiwekea pamba, na kwa uvumilivu ambao sijauona kwa mtu mwingine alijenga kiwiliwili, mkia na mbawa za ndege ya viti viwili. Ilibaki pua. Injini iliyotajwa kwenye ramani ilimshinda kupata, lakini Dar es Salaam alikuta gari la Kijapani lililogongwa ubavuni, na ndani yake injini ya rota nzima. Akaambiwa Kahama kuna mtu.

"Mdogo wangu," alisema akiwa amesimama mlangoni pangu, "wanasema hii unaijua."

Nilimwonyesha kwa kidole diploma pale pale mlangoni.

Haraka yake ilikuwa macho. Daktari wa marubani alimwambia cheti cha afya alichompa mwaka ule huenda kikawa cha mwisho. Alitaka aruke na kitu alichokijenga kwa mikono yake, hata mara moja, kabla hajageuka abiria. Alilisema hilo kama mtu anayezungumzia mvua, lakini alikuwa anavua miwani na kuivaa tena.

Mkewe, Mama Kulwa, mwenye mashine ya kusaga nafaka pale Kharumwa, alinikaribisha ugali na maziwa ya mgando siku nilipofika kuiona ndege. Alingoja mumewe atoke nje.

"Shemeji," aliniambia, "mimi sikuombi ndege ipande. Kupanda itapanda, huyu mtu namjua. Nakuomba Baba Kulwa ashuke."

Nilimwahidi. Mdomo ulikuwa umejaa ugali, lakini ahadi aliisikia, na mimi niliisikia pia.

Kuna mtu wa tatu lazima mmjue. Kondo ni Mzaramo, alikuja kutoka pwani kufuata dhahabu, dhahabu ikamkwepa, akabaki na cherehani. Anashona makochi, na ndiye aliyeshona viti vya ndege na kitambaa kilichovishwa mbawa. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wanatembea kwenda pwani. Mtani anaruhusiwa kukutania mbele ya wakwe zako, na ukikasirika, mwenye aibu ni wewe. Hata msibani, mtani anaweza kulala mbele ya jeneza na kuzuia maziko mpaka wafiwa watoe kitu. Kondo utani wake aliutumia bila likizo. Mimi aliniita Fundi Japani, na kila nikitaja Japani aliuliza kama Japani yangu hiyo si kule Kahama wanakonyweshea ng'ombe.

Kazi ilianza. Nilichomelea kiti cha injini kwa mabomba ya chuma, nikakifumua, nikakichomelea tena, maana pua ikizidi uzito ndege haiinui kichwa. Petroli tuliichanganya na oili kidogo kama pikipiki za zamani, ili zile sili za ncha zisikauke. Nilifungua ile pampu ndogo ya kudondoshea sili oili nikaiondoa, maana huko juu sitaki kitu cha ziada cha kuharibika. Kila chumba cha injini kina plagi mbili, na kila plagi niliipa waya wake na umeme wake. Ekzosi niliitengeneza kwa bomba zito la chuma kisichoshika kutu, kwa sababu la kawaida lingeyeyuka. Tulipoiwasha mara ya kwanza ng'ombe wa jirani walivunja zizi. Jirani alikuja kulalamika, akabaki kuangalia.

Injini ya rota hupenda kuzunguka mbio sana, na propela haitaki mbio hizo. Kati yao lazima pawe na giaboksi ya kupunguza. Mimi nilikereza gia mbili Kahama, safi kabisa. Gia mbili zikishikana, moja ikienda kulia nyingine inakwenda kushoto, hilo lilikuwa kwenye hesabu zangu. Kwa hiyo nilimwambia Kapteni aagize propela ya kuzungukia kushoto. Alipiga simu kwa mchonga propela wa Afrika Kusini, akasema kushoto, mchongaji akachonga ya kushoto. Sasa, rubani anaitazama propela akiwa amekaa nyuma yake. Mchongaji huyu alikuwa akiitazama akiwa amesimama mbele. Kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwingine, na kila mtu alikuwa sahihi pale alipokuwepo.

Tuliifunga, tukaiwasha, Kapteni akasukuma mkono wa mafuta, na ndege ikarudi nyuma. Taratibu, kwa heshima zote, mkia mbele, mpaka ikaegemea kihenge cha mahindi cha Mama Kulwa.

Kondo alikaa chini kabisa ili acheke vizuri. "Hii kweli ndege ya kabila lenu," alimwambia Kapteni. "Za wenzenu zinavuta. Ya kwenu inasukuma."

Utani huo ulifika Kahama kabla sijafika mimi. Kwenye kituo cha mafuta Nyasubi kijana aliniuliza kama nataka mafuta ya kwenda mbele au ya kurudi. Na kabla hamjauliza: kuigeuza propela na kuifunga kinyume hakusaidii, ni kama kiatu cha kushoto; ukikigeuza bado ni cha kushoto. Nilichofanya, niliweka pembeni gia zangu mbili, nikafungua giaboksi ya otomatiki kutoka gari lililokufa, nikachukua seti ya gia zinazozungukana kama watoto wanaocheza duara. Seti hiyo inapunguza mbio lakini haibadilishi upande. Siku ya pili kuwasha, ndege ilikwenda mbele. Kondo alisema amesikitika.

Mkaguzi wa ndege alikuja kutoka Dar es Salaam, akakagua mbawa, nyaya na uzito, akatusikiliza tukiwasha, akatoa ruhusa ya majaribio. Hapo ndipo mimi na Kapteni tulipoanza kupishana.

Kifuniko cha pua alikitengeneza yeye. Kilikuwa kizuri, sitaki kusema uongo, laini kama yai, amekipaka rangi nyeupe na mstari wa bluu. Mbele kilikuwa na matundu mawili ya kuingiza hewa kwenye rejeta. Chini kilikuwa na mwanya mwembamba wa kuitoa. Kila tukiwasha nilipeleka kiganja pale mwanyani, na kila mara hewa ilikuja kidogo, kama pumzi ya mgonjwa. Nilimwambia. Alisema ramani inaonyesha hivyo. Nilimwambia ramani ilichorwa kwa injini nyingine, inayopozwa na upepo mtupu, wala haina rejeta. Akaniuliza geji ya joto inasema nini. Geji ilikuwa inasema vizuri, kwa sababu hatukuwahi kuiacha injini ikaunguruma kwa muda; jirani alikuwa analalamika kwamba ng'ombe wanaficha maziwa.

Nilitaka tuifunge ndege mkia kwa kamba kwenye trekta, tusukume mafuta yote, tuiache hivyo mpaka mshale wa joto utulie au useme neno. Kapteni alikataa. Kiangazi kilikuwa kinaisha, cheti kilikuwa kinaisha, na alikuwa amechoka kuwa mtu anayekaribia kuruka.

"Kapteni ni mimi," aliniambia, bila ukali. "Wewe fundi. Geji ikinipigia kelele, nitashuka."

Ningeweza kugoma. Angenipiga bega, akaruka hivyo hivyo. Ni kaka kwangu, siwezi kumfokea. Mkewe alishamfokea tangu ujenzi unaanza, na ndege ilikuwa imeisha. Nikafikiri ni nani pale Kharumwa anayeweza kumzuia Shija na Shija asiweze kukasirika. Jioni nilikwenda kwa Kondo. Habari za hewa na rejeta sikumweleza. Nilimwambia tu kwamba kesho asubuhi Kapteni anaondoka, na hajamuaga mtani.

Kondo aliweka sindano chini. Nilijua kazi imepokelewa.

Kiwanja kilikuwa njia ya vumbi ya zamani nje ya mji, ndege ndogo ziliwahi kutua hapo. Ndege tuliivuta kwa trekta mpaka mwanzo wa njia na, kwa usalama wa kuwashia tu, mkia ulikuwa bado umefungwa kamba kwenye trekta. Kapteni alikaa, akafunga mkanda, akawasha. Injini ilipiga kelele yake. Alisubiri kidogo, kisha akanipa ishara nifungue kamba.

Kwenye fundo alikuwa amekaa Kondo. Alikuwa amejifunika kichwani kile kitambaa cheupe kilichobaki kwenye mbawa, kama sanda, na alikuwa analia kwa sauti ya kushindana na injini. Alilia kwamba Msukuma huyu anakwenda zake, amekunywa chai ya mtani miaka yote, na hajaacha hata kuku.

Kapteni alichungulia nje. "Kondo, toka hapo."

"Marehemu hasemi," Kondo alimjibu.

Watu wote waliokuja kuangalia walishika mbavu. Kapteni mwenyewe alicheka, angefanya nini. Kondo akasema marehemu akitaka kusafiri, ukoo utoe kuku. Mama Kulwa, aliyekuwa amesimama mbali amefunga khanga kiunoni, aligeuka akaanza kurudi nyumbani kwa haraka. Nilidhani amekasirika. Alikuwa anakwenda kufuata kuku.

Kapteni naye aliona njia ya kumfukuza mtani: vumbi. Akasukuma mkono wa mafuta wote. Propela ikanguruma, kamba ikakaza, na kule nyuma Kondo akatoweka ndani ya wingu jekundu, lakini kilio hakikukoma. Kapteni alishikilia. Kondo alishikilia. Mimi nilisimama ubavuni mwa pua, mbali na propela, kiganja changu chini kwenye mwanya, na nilichosikia pale kilikuwa pumzi ile ile ya mgonjwa, safari hii ya moto sana.

Nilimwona Kapteni anacheka. Halafu nikamwona haangalii tena nyuma. Alikuwa anaangalia geji. Akavua miwani, akaivaa. Kabla hajarudisha mkono wa mafuta, mpira wa maji ulipasuka, na pua nzima ikatoa mvuke mweupe kama sufuria la ubwabwa wa harusi. Akazima.

Mama Kulwa alifika na kuku kwapani, akaona mvuke, akaangalia mwisho wa njia ambako miti inaanza, kisha akaniangalia mimi. Kuku ndiye aliyesema.

Kapteni alikaa ndani bila kushuka, mikono magotini. Mwishowe aliniita.

"Mdogo wangu, hewa inatokea wapi?"

"Haitokei, kaka."

Aliteremka, akaenda kwenye sanduku langu, akachukua mkasi wa bati. Nilidhani anataka kukata mwenyewe. Alinipa mimi, akageuka upande mwingine. "Kata," alisema.

Nilikata mdomo mpana chini ya kifuniko, nikakunja kingo zake nje ili upepo ufyonze hewa ya moto. Yai lile zuri likaharibika. Kondo, aliyekuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia mpaka nyayo, aliizunguka mara moja akasema sasa ni kambare. Jina hilo limebaki. Tulifunga mpira mpya, tukarudi kwenye kamba, na safari hii Kapteni mwenyewe alimwomba mtani akae kwenye fundo mpaka atosheke. Tulisukuma mafuta yote, tukaacha. Mshale ulipanda mpaka katikati, ukasimama hapo kama askari. Niliweka kiganja mdomoni mwa kambare: hewa ilitoka kwa nguvu ya kunisukuma mkono. Nikaomba chai.

Aliruka asubuhi iliyofuata. Sitawaeleza uzuri wake, kila aliyekuwepo ana maelezo yake na yote yametiwa chumvi. Alikwenda mpaka akawa mdogo, akazunguka juu ya Kharumwa, ng'ombe wa jirani wakavunja zizi tena. Watu wote waliangalia juu. Mama Kulwa peke yake aliangalia njia ya vumbi, pale magurudumu yatakapogusa, na hakuondoa macho mpaka yakagusa. Kapteni aliposhuka, alimwambia uji umepoa. Mimi aliniambia, "Wabeja, shemeji," asante ya Kisukuma, basi. Kondo alidai kuku wake, akapewa. Hajamchinja mpaka leo. Anasema huwezi kumla kuku wa marehemu aliyerudi.

Kapteni aliruka tena na tena msimu ule. Kisha daktari wa marubani akamnyima cheti, kama alivyoonya. Nilisikia habari hizo nikadhani nitaitwa kuitoa injini, na Mama Kulwa alishaniambia ingefaa sana kwenye mashine ya kusaga. Nilipigiwa simu kweli.

"Mdogo wangu," Kapteni alisema, "njoo. Beba kamba."

Kwa hiyo huko ndiko ninakokwenda baadhi ya Jumamosi, kwa mnaoniulizia. Tunaivuta Kambare mpaka mwanzo wa njia, tunafunga mkia kwenye trekta. Kondo anajifunika kitambaa chake, anakaa kwenye fundo na kudai kuku wa pili. Kapteni anafunga mkanda, na kwenye kiti cha pili, ambacho mumewe alipokuwa anaruka hakukubali hata kukigusa, anakaa Mama Kulwa, khanga imebanwa vizuri isipeperuke. Mafuta yanasukumwa yote. Ndege inatetemeka, inavuta, haiendi popote, na wale wawili wanaangalia mbele kama watu walio safarini.

Nimemuuliza shemeji mbona siku hizi hana hofu. Alisema hii ndiyo ndege nzuri: Baba Kulwa amepanda, na tayari ameshashuka.

Na mshale wa joto, kwa taarifa yenu nyote na yule aliyesema sina makuu, haujawahi kupita katikati.